Oili Inayorudi Koponi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimenunua shajara hii asubuhi na ukurasa wa kwanza nimeupiga muhuri wangu mwenyewe: SIRI. Mtu aliyewatengenezea watu mihuri kwa miaka ishirini na miwili ana haki ya kujipigia mmoja.

Sababu ya shajara ni gari. Gari la marehemu baba mkwe, la spoti, jekundu, milango miwili, limemzidi mke wangu miaka miwili. Limekaa bandani uani kwetu tangu mazishi, miezi minane sasa, na leo wakati wa chai mama mkwe ametoa hukumu. Jumapili saa nne asubuhi atakaa kwenye kiti chake barazani, gari litawashwa, yeye atasikiliza. Injini ikilia kama ilivyolia zamani, gari linabaki hapa na ni langu. Isipolia hivyo, shemeji analichukua.

Shemeji ni kaka yake mke wangu. Huvaa viatu vyeupe hata mvua ikinyesha. Tayari amewaambia wenzake kazini kwamba ana gari la spoti.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Baba mkwe hakuniruhusu hata kulifuta vumbi gari lile. Aliniita Bwana Muhuri mbele ya wageni, na kila nilipokaribia boneti alikohoa. Katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza jambo kisha akasubiri jibu. Nikikaa kwenye usukani ule, wataniuliza.

Kwa hiyo, oili. Injini ya zamani ni oili tu, jambo ambalo nimelijua tangu leo saa tatu, nilipoambiwa na muuza oili wa duka la vipuri. Anasema oili nzito siku hizi ni ya matrekta. Amenipa nyepesi ya kisasa, tano-thelathini, kopo la dhahabu la lita nne. Nikamwuliza kama inafaa gari la umri ule. Akasema inafaa gari la umri wowote, hata ambalo halijazaliwa. Nimependa anavyojiamini.

Saa sita nikaitoa ile ya zamani kwa nati ya chini. Nusu iliingia kwenye beseni, nusu kwenye shati. Nikamwaga mpya mpaka tone la mwisho, ikafika alama ya juu kabisa ya kijiti cha kupimia. Chini kidogo ya alama hiyo kuna mkwaruzo, kama mtu alikwaruza kwa msumari. Nimeupuuza. Nikawasha dakika mbili. Ililia ka-ka-ka, kama mtu anayegonga mlango bila haraka. Itazoea.

Nikala, nikalala. Mchana mimi hulala saa saba mpaka saa tisa na nusu, fofofo, hata paa likiezuliwa. Leo nimeota injini inanguruma na mtu anapiga mluzi. Wimbo usio na mwisho, wa mtu anayeosha kitu anachokipenda. Baba mkwe alikuwa akipiga mluzi hivyo. Nimeamka shingo ikiwa imelowa jasho la baridi.

Nimekula kupita kiasi, bila shaka.

Jumanne, 7 Oktoba

Asubuhi nimechomoa kijiti ili nijipongeze. Oili iliyokuwapo si ya jana. Nzito, inajivuta kama asali, na imekomea kwenye mkwaruzo, wala haikuzidi hata unywele.

Nimekwenda stoo kulitazama kopo la dhahabu, nililolimwaga mpaka tone la mwisho. Limejaa.

Nimekaa juu ya gunia la mkaa muda mrefu. Kisha nimemweleza mke wangu, aliyekuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake kabla ya kwenda shuleni. Hakuinua macho. Alisema labda niliota kwamba nimemwaga. Nikamwonyesha shati. Akasema kwa hiyo nani atalifua.

Mimi si mtu wa kushindwa na kopo. Saa sita nimeitoa ile nzito, nimeirudisha nyepesi. Chini ya gari nimetandika maboksi, tone likidondoka nilione. Kwenye reli ya kiti cha dereva nimechora mstari wa chaki. Milango ya gari haifungi tangu zamani, lakini ufunguo wa kuwashia nimeutia mfukoni, na mfuko nimeufunga kwa pini. Nikalala.

Mluzi tena. Na injini, kwa mbali, kama iko chini ya maji.

Saa tisa na nusu. Uani kimya, saa ile ambayo hata kuku hunyamaza. Maboksi makavu, si tone. Ufunguo mfukoni, pini mahali pake. Nimeweka kiganja juu ya boneti nikakiondoa upesi. Ilikuwa moto.

Kiti cha dereva kimesogea mbele. Mstari wa chaki umeachwa nyuma shubiri nzima. Nilipojaribu kukaa, magoti yaligonga usukani. Kopo stoo limejaa.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikamwuliza kwa adabu kama ameona mtu yeyote akiingia uani. Akasema hajaona mtu yeyote akiingia. Akainuka kwenda kunawa mikono. Siku hizi ananawa mno, kwa sabuni ya unga, mpaka viwiko. Uzee.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata daftari.

Lilikuwa kwenye kijisanduku cha mbele ya abiria, jalada la kijani, limeviringika pembe. Miaka thelathini na mmoja ya oili. Tarehe, kilomita, oili ileile nzito ya ishirini-hamsini kila mara. Mwandiko mdogo, umesimama wima kama sisimizi wakiwa kwenye foleni. Hapa na pale kuna maneno. "Umelikimbiza kilimani. Nimesikia." "Usijaze kupita mkwaruzo." "Lipashe moto kwanza, ndipo uondoke, nimesema mara ngapi."

Kumbe baba mkwe alikuwa akijikaripia mwenyewe kwa maandishi. Nimemheshimu ghafla. Mtu mwenye nidhamu hiyo hawezi kukubali kukaa kaburini kwa sababu tu ameambiwa.

Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho. Wino mpya. Mwandiko uleule, sisimizi walewale.

"7 Oktoba. Nyepesi. Imetolewa. Imewekwa ileile. Usirudie."

Nywele zilinisimama mpaka za masikioni. Nimetoka bandani kinyumenyume, nimegonga kichwa kwenye fremu ya mlango, nimeomba radhi, sijui nimemwomba nani.

Lakini baada ya chai akili ilirudi. Marehemu alikuwa mtumishi wa ofisi maisha yake yote. Watu wa ofisi wanaheshimu nini? Karatasi yenye muhuri. Mpaka saa tano nilikuwa nimeshachonga mpya, wa mviringo, herufi safi kabisa: RUHUSA IMETOLEWA. Nimeupiga kwenye daftari chini ya maneno yake, nikatia sahihi, nikaweka tarehe. Kisha nikabadilisha oili kwa moyo mweupe na kwenda kulala.

Mluzi ulikuwa karibu zaidi leo. Kama uko upande wa pili wa ukuta wa chumba.

Boneti moto. Kiti mbele. Kopo limejaa. Daftari sijalifungua. Nitalifungua kesho kukiwa na watu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelifungua mbele ya fundi, kwenye gereji yake, ili tuwe wawili. Chini ya muhuri wangu pameandikwa: "Huu nao ni wa nini?"

Fundi huyu watu wanamwita Kimya kwa kuwa akisema sentensi tatu kwa siku anapumzika kesho yake. Nimemweleza yote. Alisikiliza huku akifuta spana moja, ileile, mpaka ikang'aa. Alisema injini kuukuu vyuma vyake vimelika, vimeachana, na oili nyepesi inapita katikati bila kushika chochote. Alisema ishirini-hamsini, mpaka mkwaruzo, basi. Hiyo ilikuwa sentensi ya pili.

Kisha akaona mwandiko. Akalishika daftari kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akasema anaujua mwandiko huo, na mwenye mwandiko huo akishaliandikia gari lile, yeye hatii mkono. Akanirudishia, akaingia ndani. Hakutoka tena.

Kwa hiyo hata fundi anamwogopa marehemu. Nilirudi nyumbani.

Nimefikiri hivi. Fundi anasema ishirini-hamsini. Daftari linasema ishirini-hamsini. Oili inayojirudisha yenyewe ni ishirini-hamsini. Mtu wa kawaida angekata tamaa na kuitumia. Lakini nikishinda Jumapili kwa oili ya marehemu, ameshinda marehemu. Mimi nitakuwa nimeshinda nini?

Muuza oili ananielewa. Anasema kama nyepesi imekataliwa, tatizo ni wepesi. Ameniuzia oili ya gia za lori, nzito mpaka ukigeuza kopo unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ikiwa bado inajiandaa. Nitachanganya mwenyewe. Hii itakuwa oili ambayo hakuna aliye hai wala aliyekufa amewahi kuiona.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mchanganyiko: ya gia lita moja na nusu, nyepesi lita moja na nusu, na chupa moja ya dawa ya injini isiyosomeka lebo. Rangi yake kama maji ya kuoshea sufuria. Nimeumimina saa sita.

Shemeji amekuja bila taarifa, na futi ya kupimia. Anapima gari ili ajue kama litaingia kwenye gereji yake. Hajalipata na tayari analipima! Nikamwambia Jumapili bado. Akasema ananionea huruma, baba yake aliliendesha gari lile miaka thelathini na mmoja bila kuingia gereji hata mara moja, mkono ule haurithiwi na mkwe. Akarudi hatua mbili nyuma kulitazama vizuri, na mguu wake wa kulia ukaingia kwenye beseni la oili chafu. Aliondoka ana kiatu kimoja cheupe na kimoja cheusi. Ni dakika njema pekee ya wiki hii.

Nikalala kwa furaha. Sikuota.

Saa tisa na nusu: mchanganyiko wangu uko stoo, kwenye ndoo, umefunikwa sahani. Kijiti kimekomea kwenye mkwaruzo. Daftari linasema: "Ya gia. Kwenye injini. Una akili wewe?"

Na kwenye usukani kuna alama ya mkono wa oili. Nimeweka wangu juu yake nikapima. Ni mdogo, vidole vyembamba, kama wa mtoto. Baba mkwe alikuwa mrefu kiasi kwamba kichwa chake kiligusa dari la gari na kiganja chake kilifunika sahani. Nimekaa nikiitazama alama ile mpaka ikaanza kunitisha kuliko mluzi. Kiti kinasogea mbele. Mkono unapungua. Mauti humfupisha mtu, nadhani. Wakimalizana naye huko atakuwa wa kutia mfukoni, na bado ataandika.

Mke wangu kaniuliza mbona sili. Aliuliza, na akasubiri jibu. Nilishindwa kulitoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepata dawa. Mambo yote hutokea nikiwa nimelala. Kwa hiyo leo silali.

Saa sita nimerudisha mchanganyiko wa kwenye ndoo. Saa saba nimeingia ndani ya gari, nimekaa kiti cha abiria, chupa ya kahawa mapajani, muhuri mkubwa mkononi kama silaha. Nyumba ilinyamaza. Mke wangu alikuwa kwa jirani. Jua lilipenya kwenye matundu ya bati na kuweka sarafu za mwanga kwenye kiti cha dereva, zikitambaa polepole, kama mtu asiyeonekana anajikunyata apate kukaa vizuri.

Saa saba na nusu mama mkwe alipita mlangoni na ndoo. Akanitazama. Akarudi ndani.

Saa nane kasorobo akapita tena, ndoo ileile. Akauliza kama sijisikii usingizi, mwanangu. Nikamwambia leo hapana, mama. Akasimama kidogo. Alionekana amechoka. Akarudi ndani, na nikasikia mlango wake ukifungwa, kitanda kikilia, kisha kimya.

Ndipo mluzi ulipoanza.

Nilikuwa macho. Naandika tena: nilikuwa macho. Ulitoka nyuma ya banda, ukazunguka taratibu upande wa tairi la nyuma, ukasimama kwenye mlango wa dereva. Wimbo uleule. Niliweza kusikia pumzi katikati ya noti. Shingo yangu ilikataa kugeuka. Nilitazama mbele tu, kwenye kioo, na ndani ya kioo mlikuwa na mimi na sarafu za mwanga tu. Kahawa ilinimwagikia mapajani sikuhisi moto wake. Sijui ilikuwa dakika moja au ishirini. Kisha ukaenda zake, kama mtu aliyekuja kumsubiri mwenzake kazini na hakumkuta.

Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na nitakapokana baadaye, shajara hii isinisikilize.

Lakini oili haikubadilishwa! Nimepima mara tano. Mchanganyiko wangu upo palepale. Banda nimelifunga kwa kufuli. Nimemshinda.

Jumapili, 12 Oktoba

Saa nne kamili. Mama mkwe kitini, mikono mapajani. Mke wangu nyuma yake. Shemeji na viatu vipya, vyeupe. Nikaingia garini mbele ya macho yao yote, na kwa muda wa kugeuza ufunguo nilikuwa mtu.

Injini ilikohoa. Kisha ikatoa sauti ya kokoto ndani ya sufuria. Taa nyekundu ya oili ikawaka ikakataa kuzima. Moshi wa buluu ukajaza uani, shemeji akaanza kutabasamu, nami nikakanyaga zaidi, nikidhani inahitaji kutiwa moyo.

Mama mkwe aliinua mkono. Akasema zima. Alisema mara moja tu, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake.

Nikazima. Akavua saa yake ya mkononi akampa mke wangu. Akaingia ndani, akatoka na pampu ya mkono yenye mrija mwembamba mrefu. Alikuwa ameiweka ndani ya kabati la cherehani. Akanisogeza kwa kiwiko. Akautia mrija kwenye tundu la kijiti, akaanza kuvuta, na mchanganyiko wangu ukapanda juu ukaingia kwenye ndoo bila kudondosha tone. Kisha akaagiza injini isafishwe kwa lita moja ya oili safi, ikazungushwa, ikavutwa nayo. Kisha ishirini-hamsini, kidogokidogo, akisubiri ishuke, akipima, mpaka mkwaruzo. Mkwaruzo wake. Aliukwaruza kwa sindano ya cherehani mwaka waliolinunua, maana injini hii hutema kila kinachozidi hapo.

Shemeji akauliza mama unafanya nini. Akajibu anafanya alichokifanya miaka thelathini na mmoja.

Baba yao, alisema, alijua mahali pa kukaa tu. Aliogopa kuchafua mikono ya shati. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akishika injini, baada ya chakula cha mchana, majirani wakiwa wamelala, wasije wakamcheka mume wake. Yeye alifanya kazi, marehemu alisimama pembeni na kitambaa, akipiga mluzi. Daftari lilikuwa la kumwonya. Alimwandikia, naye alisoma kabla ya kuondoka, na katika miaka yote hiyo hakumjibu hata mstari mmoja. Alitabasamu alipolisema hilo. Ufunguo wa pili ulikuwa kwenye kopo la vifungo. Kiti alikisogeza kwa sababu miguu yake haifiki. Oili yangu aliirudisha koponi kwa sababu hapendi kutupa vitu.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliandika.

Akaingia mwenyewe, akawasha. Haikugonga. Ilinguruma chinichini, laini, sauti moja, na kikombe cha kahawa nilichokiacha juu ya boneti hakikutikisika. Mama mkwe akafumba macho, machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Sote tulisimama. Shemeji peke yake alichutama juu ya viatu vyake, akilia kama mtoto.

Hukumu: gari ni la mama mkwe mwenyewe. Shemeji atabeba ndoo. Mimi nitashika faneli, kwa mikono miwili, na sitagusa kitu kingine chochote.

Wakati ananawa nikamwambia, kwa heshima, kwamba yote nimeelewa, ila huo mluzi aupunguze, ndio ulionitia hofu kuliko mengine.

Akaacha kunawa. Akasema hajawahi kujua kupiga mluzi maisha yake yote. Alidhani ni mimi, chumbani kwangu, mchana kutwa. Alifurahi. Ilikuwa kama kufanya kazi na mwenzake.

Nikamwambia sijui kupiga mluzi. Mke wangu akathibitisha, amenisikia nikijaribu.

Maji yaliendelea kumwagika bombani. Baadaye mke wangu akasema chai inapoa. Tuliingia ndani kwa mstari, na hakuna aliyetazama bandani.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama mkwe amekwenda kwa shemeji siku tatu. Ameondoka na funguo zote mbili kwenye mkoba, akiwa ameniangalia usoni. Ameacha neno moja: usiguse. Nimeelewa kabisa.

Isipokuwa nusu lita. Nilikutana na muuza oili njiani, akaniambia kosa langu halikuwa oili, ni kiasi. Nyepesi haitakiwi kujaa, inatakiwa kuongezewa juu kidogo, kama limau kwenye chai. Anajiamini sana mtu yule. Na mama mkwe akirudi akakuta injini inalia vizuri kuliko alivyoiacha, ataniuliza nimefanyaje, naye atasubiri jibu. Saa sita, nusu lita ya kopo la dhahabu, juu ya mkwaruzo. Nikalala.

Saa tisa na nusu boneti ilikuwa moto.

Kijiti kwenye mkwaruzo. Nusu lita iko koponi, ila imemwagikia na pembeni, stoo nzima imetapakaa, kazi ya mtu asiyezoea. Nimempigia simu mama mkwe. Yuko kwa shemeji, sebuleni, funguo mbili mapajani mwake. Nilisikia zikigongana.

Nikaingia garini. Kiti cha dereva kimerudishwa nyuma, mpaka mwisho wa reli. Nilinyoosha miguu na sikufikia hata pedeli moja.

Daftari lilikuwa wazi juu ya kiti cha abiria. Si sisimizi leo. Herufi kubwa, zimepinda, kama za mtu aliyekuwa akisoma tu miaka yote bila kuandika.

"Mama watoto, karudia tena. Nimeitoa mwenyewe. Mikono ya shati imechafuka."

Nimesoma mara tatu. Mwandiko mbaya kabisa, na kwa mtumishi wa ofisi ni aibu. Hata tarehe hakuweka. Nimeupiga muhuri wa IMEPOKELEWA na kulirudisha daftari mahali pake.

Muuza oili anasema ameletewa nyingine, ya kopo la buluu. Naijaribu kesho, saa sita.